Saa ya urithi: Namna ya kutambua kama vipuri vyake ni vya asili

NDUGU wanapokaa kugawana vitu vya marehemu, saa ya mkononi mara nyingi haileti mjadala mrefu. Hupewa mtoto wa kwanza au mjukuu aliyekuwa karibu na babu yake, nayo huishia kabatini kwa sababu haitembei au mkanda wake umekatika.

Mjadala huanza siku anapotokea mtu anayetaka kuinunua. Mmoja husema ni mali ya thamani kwa kuwa ni ya Uswisi na ina umri wa zaidi ya miaka 50. Mwingine husema ni chuma chakavu. Mnunuzi naye huuliza jambo moja tu: je, vilivyomo ndani ni vile vile vilivyotoka nayo kiwandani?

Swali hilo ndilo linalotenganisha bei ndogo na bei kubwa katika biashara ya saa za zamani duniani. Asiyejua jibu anaweza kupata hasara kwa njia mbili: kuuza kwa bei ya kutupa saa iliyokamilika, au kununua kwa bei kubwa saa iliyounganishwa kutokana na mabaki ya saa tatu au nne.

Mgodi, reli na saa

Katika mji wa Mpanda, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, saa za aina hiyo si jambo la kushangaza. Reli ya tawi kutoka Kaliua, yenye urefu wa takribani kilomita 210, ilifika hapo mwaka 1950 kwa ajili ya kusafirisha madini ya risasi kutoka mgodi uliokuwa ukiendeshwa na kampuni ya Uruwira Minerals. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1960, lakini reli ilibaki ikiuunganisha mji na Tabora.

Penye mgodi na reli, saa si pambo bali ni zana ya kazi. Zamu huanza kwa wakati na treni huondoka kwa wakati. Walioweza kumudu walivaa saa za kujazwa kwa mkono, hasa za Uswisi, na baadaye zikaja za Japani zinazojijaza zenyewe kwa mtikisiko wa mkono, zikiwamo Seiko 5, jina lililoingia sokoni mwaka 1963.

Kisha ikaja miaka ya shida. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Tanzania ilikabiliwa na uhaba mkubwa wa fedha za kigeni, na bidhaa kutoka nje ziliadimika hadi masharti ya uagizaji yalipoanza kulegezwa mwaka 1984. Pale ambapo sabuni na sukari zilipatikana kwa foleni, vipuri vya saa visingeweza kuwa rahisi kupatikana.

Katika hali kama hiyo, fundi saa hufanya kile ambacho fundi yeyote mwenye akili angefanya: hutoa kipuri kwenye saa iliyokufa ili kuiponya nyingine. Mshale wa saa moja huhamia kwenye nyingine, na mashine ya saa iliyovunjika kioo huingizwa katika kasha la iliyokatika springi.

Kazi hiyo haikuwa udanganyifu, kwani mteja alitaka saa itembee na ilitembea. Udanganyifu huanza pale saa hiyo inapouzwa miaka mingi baadaye kwa madai kwamba iko kama ilivyotoka kiwandani.

Neno 'asili' lina maana tatu

Kabla ya kuikagua saa, ni muhimu kuelewa kinachotafutwa. Wauzaji hutumia neno 'asili' kwa maana tatu ambazo bei zake hazilingani hata kidogo.

Maana ya kwanza ni kipuri kilichofungwa kwenye saa hiyo hiyo siku ilipotengenezwa. Hicho ndicho wakusanyaji wa saa hukilipia zaidi.

Maana ya pili ni kipuri halali cha kampuni iliyotengeneza saa, tena cha aina sahihi, lakini kilichowekwa baadaye wakati wa matengenezo. Si bandia, ila si cha siku ile.

Maana ya tatu ni kipuri halali cha kampuni hiyo hiyo, lakini kilichotoka kwenye saa ya aina nyingine au ya kipindi kingine. Hapa ndipo wanunuzi wengi hunaswa, kwa sababu kila wanachokiona kina jina la kampuni, ila saa yenyewe kwa umbo hilo haikuwahi kutoka kiwandani.

Aidha, si vipuri vyote vyenye uzito sawa. Kioo, springi, raba ya kuzuia maji na mkanda ni vitu vinavyochakaa, na kubadilishwa kwake hakuhesabiwi kuwa dosari kubwa. Kitufe cha kujazia nacho huchakaa, ingawa chenye nembo ya kampuni huongeza thamani. Vinavyobeba uzito ni vinne: uso wa saa, mishale, kasha na mashine.

Kanuni inayoongoza ukaguzi wote ni moja. Kila kimoja kati ya vinne hivyo kina umri wake, na kila kimoja hubeba dalili za umri huo. Saa ni ya asili pale vyote vinne vinapotoa ushahidi mmoja. Vikipingana, kuna kilichoingia baadaye.

Kabla ya kufungua mfuniko

Ukaguzi huanza kwa macho, chini ya mwanga wa jua, kwa kutumia kioo cha kukuzia cha aina wanayotumia mafundi.

Kwanza ni maandishi ya usoni. Kiwanda huchapa kwa wino mwembamba wenye kingo kali. Uso uliopakwa rangi upya huonyesha herufi nene, zilizovimba au zisizolingana nafasi. Vistari vya dakika huweza kukosa kukaa sawa na alama za saa, na maneno ya chini kabisa kama 'SWISS MADE' huweza kukatwa na ukingo au kukosekana kabisa.

Wakusanyaji duniani wamezoea kukutana na saa za Seiko na HMT ambazo nyuso zake zimepakwa rangi upya nchini India na kuuzwa kwa bei nafuu. Nyingi zina rangi za kuvutia ambazo kampuni hazikuwahi kuzitoa. Saa ya miaka 50 yenye uso unaometa kama sahani mpya, huku kasha lake likiwa limejaa mikwaruzo, inapaswa kumtia shaka mnunuzi badala ya kumfurahisha.

Pili ni mishale. Mshale wa dakika wa kiwandani kwa kawaida hufika kwenye mstari wa dakika, na wa saa huishia karibu na alama za saa. Ukiwa mfupi mno au ukivuka mstari, huenda umetoka kwenye saa nyingine. Mishale miwili inapaswa pia kufanana kwa umbo, rangi na uchakavu.

Tatu ni kasha. Makasha mengi ya zamani yalikuwa na kingo kali na masikio ya kushikia mkanda yaliyolingana pande zote. Kasha lililosuguliwa mara nyingi ili ling'ae huwa na kingo za mviringo, masikio membamba na maandishi ya nyuma yaliyofifia. Chuma kilichoondolewa kwa kusuguliwa hakirudi, na hiyo ndiyo sababu kung'arisha saa kabla ya kuiuza mara nyingi hupunguza bei badala ya kuipandisha.

Herufi T na rangi inayong'aa gizani

Saa nyingi za zamani zina rangi inayong'aa gizani kwenye mishale na alama za saa. Rangi hiyo ni shahidi mzuri wa umri.

Hadi miaka ya 1960 mwanzoni, viwanda vilitumia radiamu. Baada ya hapo ikaja tritiamu, yenye mionzi dhaifu zaidi, iliyotumika hadi miaka ya 1990. Nyuso nyingi za Uswisi zenye tritiamu ziliandikwa herufi T chini, kwa mfano 'T SWISS T'. Rangi zisizo na mionzi, zinazong'aa baada ya kuanikwa kwenye mwanga, ndizo zilizochukua nafasi yake.

Hivyo saa ambayo namba zake zinaonyesha kuwa ni ya mwaka 1955 lakini uso wake una 'T SWISS T', uso huo ulibadilishwa. Vilevile, nguvu ya tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12 hivi. Saa ya miaka ya 1970 inayong'aa kwa nguvu usiku kucha imepakwa rangi mpya au imewekewa mishale mipya.

Rangi iliyo kwenye mishale inapaswa pia kufanana na iliyo usoni. Kama ya usoni imegeuka kahawia na ya mishale ni nyeupe, viwili hivyo havikuzeeka pamoja.

Hapa kuna jambo la afya ambalo ni kubwa kuliko bei. Radiamu hupungua kwa nusu baada ya miaka 1,600 hivi. Saa yenye radiamu huacha kung'aa kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechoka, lakini mionzi yake bado ipo karibu yote. Vumbi la rangi hiyo likivutwa puani au kumezwa linaweza kuleta madhara makubwa. Wasichana waliopaka rangi hiyo katika viwanda vya Marekani miaka ya 1910 na 1920, wakichonga ncha za brashi kwa midomo, waliugua na baadhi yao wakafa.

Kwa sababu hiyo, saa ya kabla ya miaka ya 1960 yenye rangi ya namna hiyo haipaswi kufunguliwa nyumbani, kukwanguliwa kwa kisu wala kuachwa ichezewe na watoto. Nchini, masuala ya mionzi yako chini ya Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania (TAEC).

Namba husema zaidi

Hatua inayofuata ni kufungua mfuniko wa nyuma, na hiyo ni kazi ya fundi mwenye zana zake. Kutumia kisu cha jikoni huacha makovu yanayoshusha thamani papo hapo.

Kwa Seiko, kazi ni rahisi kiasi. Nyuma ya saa huwa na namba mbili zenye tarakimu au herufi nne nne, kama 6119 ikifuatiwa na nyingine nne. Nne za kwanza ni aina ya mashine, na nne za pili ni aina ya kasha. Chini kabisa ya uso, kwa maandishi madogo sana, kuna namba nyingine inayoanza pia na aina ya mashine. Mashine yenyewe nayo imeandikwa namba yake.

Namba hizo tatu za aina ya mashine zinapaswa kupatana. Mfuniko ukisema 7009, aina iliyotumika sana kwenye Seiko 5 za miaka ya 1970 na 1980, na ndani kukawa na mashine ya 7S26, basi mashine ilibadilishwa, kwa kuwa 7S26 ilianza kutumika mwaka 1996.

Nyuma ya saa hizo pia huwa na namba ya mfululizo, mara nyingi ya tarakimu sita. Ya kwanza ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, na ya pili ni mwezi. Oktoba, Novemba na Desemba huweza kuonyeshwa kwa O, N na D. Namba inayoanza na 15 kwenye saa yenye mashine ya 6119 ni ya Mei 1971. Kwa kuwa tarakimu moja haisemi muongo, ni aina ya mashine inayotenganisha mwaka 1971 na 1981.

Dirisha la siku nalo husaidia. Seiko 5 nyingi huonyesha siku kwa lugha mbili, na lugha ya pili ilifuata soko ambako saa ilikusudiwa kuuzwa. Inayosemekana kununuliwa Ghuba miaka ya 1970 inatarajiwa kuwa na Kiarabu. Ikiwa na Kijapani, huenda gurudumu la siku limebadilishwa, au hadithi ya ununuzi ndiyo iliyobadilishwa.

Kwa Omega, namba ya mfululizo ya saa nyingi za zamani iko kwenye mashine. Zilizo karibu na milioni 10 ni za katikati ya miaka ya 1940, na zilizo karibu na milioni 20 ni za mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aina ya kasha huandikwa ndani ya mfuniko. Kwa Rolex za zamani zisizopitisha maji, namba ziko ubavuni mwa kasha, kati ya masikio ya mkanda, na huonekana pale tu mkanda unapotolewa.

Fundi anapaswa pia kutazama skrubu. Zilizochubuka sana huonyesha kuwa mashine imefunguliwa mara nyingi au na mikono isiyo na ujuzi. Uso uliobandikwa kwa gundi, badala ya kushikwa na miguu yake midogo ya chuma, kwa kawaida si wa mashine hiyo au miguu yake imevunjika.

Ndani ya mfuniko mara nyingi kuna mikwaruzo midogo ya herufi na tarehe. Ni alama za mafundi waliowahi kuihudumia saa hiyo. Hazipaswi kufutwa, kwani ni sehemu ya historia yake.

Hata kampuni huweza kudanganywa

Umuhimu wa vipuri hivi unaonekana katika bei za dunia. Mwezi Oktoba 2017, saa ya Rolex Daytona iliyokuwa ya mwigizaji wa Marekani, Paul Newman, iliuzwa mjini New York kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani. Jina la mwenye saa lilichangia, lakini hata Daytona nyingine zenye uso wa aina ile huuzwa ghali kuliko zenye uso wa kawaida. Kwa maneno mengine, kisahani kimoja chembamba cha chuma hubadilisha bei yote, na hapo ndipo wenye nia mbaya huingia.

Mfano ulio karibu zaidi na Waswahili ni wa Oman. Sultani Qaboos, aliyetawala kuanzia mwaka 1970 hadi kifo chake Januari 2020, aliagiza saa za Rolex zenye nembo ya jambia au saini yake usoni, akazitoa kama zawadi. Kwa kuwa nembo hiyo huongeza bei mara nyingi, wakusanyaji huikagua kwa makini kabla ya kuamini kwamba haikuchapwa baadaye kwenye uso wa kawaida.

Tukio lililotikisa biashara hiyo zaidi lilianza mjini Geneva mwezi Novemba 2021, ambapo Omega Speedmaster ya miaka ya 1950 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni tatu za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake.

Mwaka 2023 ilibainika kuwa saa hiyo ilikuwa imeunganishwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, vingi vikiwa halali vya Omega. Kampuni hiyo ilieleza kuwa watu watatu waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Funzo lake ni kwamba hati na jina kubwa havitoshi. Vipuri vyenyewe ndivyo vinavyopaswa kupatana.

Kabla ya kumpa fundi, kabla ya kulipa

Kwa mwenye saa aliye Mpanda, hatari kubwa huenda si mnada wa Geneva bali meza ya matengenezo. Saa iliyokuwa kamili kwa miaka 60 inaweza kupoteza thamani yake kwa saa moja tu, ikiwa itapakwa uso rangi, itasuguliwa kasha au itabadilishiwa mishale kwa nia njema kabisa ya kuipendezesha.

Hivyo, kabla ya kuikabidhi, mwenye saa apige picha za uso, ubavu, mfuniko na, ikifunguliwa, mashine pamoja na namba zake. Amwambie fundi bayana kwamba anataka itembee tu, uso usiguswe na kasha lisisuguliwe. Kipuri chochote kitakachotolewa, hata kilichovunjika, arudishiwe na akihifadhi ndani ya bahasha. Mshale wa zamani uliopinda bado una thamani kwa saa iliyozaliwa nao.

Kwa mnunuzi, ulinzi mkubwa ni maandishi. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Neno 'asili' likisemwa tu mdomoni ni vigumu kulithibitisha baadaye. Likiandikwa kwenye risiti pamoja na namba za saa, na kutajwa ni vipuri vipi vilivyobadilishwa, linakuwa ahadi.

Muuzaji mwaminifu hana cha kupoteza kwa kuandika hivyo. Saa yenye mashine ya asili na mishale ya baadaye bado ina wanunuzi, ilimradi iuzwe kwa bei inayolingana na hali yake.

Na kwa familia isiyokusudia kuuza, ukaguzi huu una faida nyingine. Pengine utaonyesha kwamba mashine ilibadilishwa mwaka fulani na mishale ikatoka kwenye saa nyingine. Hilo litaishusha mbele ya mkusanyaji, lakini halitaifanya kuwa ya mtu mwingine. Litaonyesha tu kwamba mwenyewe aliihitaji, akaitengeneza kila ilipokufa, na akaendelea kuivaa.